JIWE LA KATANGA LENYE JINA LA BINTI WA POLANDI

Kuna watu ambao wakifa majina yao hubakia kwenye barabara, wengine kwenye shule na wengine kwenye viwanja vya mpira. Mama ninayetaka kukusimulia habari zake jina lake limebakia kwenye jiwe.

Jiwe lenyewe huitwa sklodowskiti. Ni jiwe adimu lenye uraniamu ndani yake, na rangi yake ni manjano kama limau. Lilielezwa na mtaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, nalo lilikuwa limetoka katika machimbo ya Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, katika nchi ya Katanga huko Kongo. Pengine utauliza habari za mawe zinatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Jibu ni rahisi. Katanga ni watu wa lugha yetu. Wachimba madini waliokusanywa huko kutoka makabila mengi walihitaji lugha moja ya kuelewana, na lugha iliyoshika ni Kiswahili. Na mwenye jina hilo ni Maria Skłodowska, ambaye walimwengu wamezoea kumwita Marie Curie.

Maria alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wakati huo Polandi haikuwa huru. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi badala ya lugha ya mama zao. Sisi ambao babu zetu walitawaliwa na Mwingereza hatuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Babake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, na mamake aliwahi kuongoza shule ya wasichana. Nyumba ilikuwa na vitabu lakini haikuwa na pesa. Kifo nacho hakikuwaonea huruma. Kwanza kilimchukua dada mkubwa, Zofia, kwa homa kali. Halafu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10 tu, kifua kikuu kikamwondoa mama.

Msichana huyo alijikaza kisabuni. Mwaka 1883 alimaliza shule ya upili akiwa wa kwanza na akapewa nishani ya dhahabu. Lakini nishani ya nini ikiwa mlango unaofuata umefungwa? Chuo Kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake, hata wawe na akili namna gani. Yeye na dadake Bronisława wakajiunga na chuo cha siri ambacho wanafunzi wake walikutana leo nyumba hii, kesho nyumba ile, ili polisi wasiwapate. Kwa sababu ya kuhamahama huko kikaitwa Chuo Kinachoruka.

Hapo ndipo akina dada hao wawili walipofanya mapatano. Bronisława angetangulia Paris kusomea udaktari, na Maria angebaki akifanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao ili amtumie pesa. Bronisława akimaliza, ingekuwa zamu ya Maria. Kwa hiyo mwaka 1886 Maria alienda kuishi mashambani kwa watu asiowajua, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Mchana alifundisha watoto wa wenye nyumba, na wakati wake mwingine akawafundisha kisiri watoto wa wakulima maskini kusoma Kipolandi. Usiku alijisomea mwenyewe fizikia na hesabu. Kijana wa nyumba ile akampenda, naye Maria akampenda, lakini wazazi wa kijana wakakataa kata kata mwana wao kuoa mtumishi asiye na mali.

Hapa nitasema langu kidogo. Sehemu hii niliisoma mara mbili, kwa maana karo yangu mimi inatoka kwenye kikapu cha dada yangu anayechuma majani chai. Aliachia darasa la nane ili sisi wadogo tuendelee. Huku kwetu Meru na Embu nyumba zenye mapatano ya namna hii ni nyingi mno, ila mara nyingi zamu ya yule aliyetangulia kujitolea haifiki. Kwa Maria ilifika, maana Bronisława hakuvunja ahadi.

Mwezi wa Novemba 1891 Maria aliingia Paris akiwa na miaka 24. Alijiandikisha katika chuo kikuu cha Sorbonne, akakodi chumba cha darini, orofa ya sita, ambako alipandisha makaa na maji kwa mikono yake. Wanafunzi wa shule za kutwa tunaoteka maji na kuwasha moto kabla ya kufungua daftari tunaelewa. Baridi ya Paris si mchezo. Hii yetu ya Julai hapa mlimani haifiki robo. Usiku alikuwa akirundika nguo zake zote juu ya blanketi ili apate joto. Siku nyingine alikula mkate mkavu na chai, hata ikatokea siku akazimia kwa njaa. Pamoja na hayo yote, mwaka 1893 alipata shahada ya fizikia akiwa wa kwanza, na mwaka 1894 akapata ya hesabu akiwa wa pili.

Mwaka huohuo wa 1894 alikutana na mwanasayansi Mfaransa, Pierre Curie, mtu mpole asiyependa makuu. Walioana tarehe 26 Julai 1895 bila mbwembwe, na kwa pesa walizotunzwa wakanunua baiskeli mbili za kutembelea mashambani. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897.

Sasa tuje kwenye mawe. Mwaka 1896 Henri Becquerel, huko huko Paris, aliweka chumvi ya uraniamu juu ya bamba la kupigia picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi. Bamba likapata alama kana kwamba limepigwa na mwanga, ijapokuwa mwanga haukuingia. Yaani uraniamu ilikuwa ikitoa miale isiyoonekana kwa macho. Wasomi wengi waliona ni kioja tu wakaendelea na mambo yao. Maria alikuwa akitafuta jambo la kuchunguza ili apate shahada ya udaktari wa sayansi, akachagua miale hiyo.

Alikuwa na chombo alichobuni Pierre na kakake, Jacques, cha kupima umeme mdogo sana. Miale ikipita hewani huifanya hewa ipitishe umeme, kwa hiyo ukiupima umeme unajua ukali wa miale. Alipopima aliona kwamba nguvu ya miale hufuata kiasi cha uraniamu tu. Iwe kavu au imeloa, iwe ya unga au ya kuganda, iwe baridi au moto, haibadiliki. Akahitimu kwamba miale inatoka ndani ya atomu yenyewe. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1898 aligundua pia kwamba thoriamu nayo hutoa miale. Thoriamu hiyohiyo ndiyo iliyomo katika udongo wa kilima cha Mrima, Kwale, hapa Kenya.

Halafu akaanza kupima mawe kutoka kwa wenye hazina za madini, moja baada ya jingine. Kulikuwa na jiwe zito jeusi liitwalo uraniniti. Hilo lilitoa miale takriban mara 4 kuliko uraniamu safi. Kulikuwa na jingine la kijani, torbeniti, lenye uraniamu, shaba na fosfati. Hilo nalo lilitoa miale takriban mara 2. Jamani, inawezekanaje gunia lenye mahindi na mawe liwe na mahindi mengi kuliko gunia la mahindi matupu? Mtu mwingine angesema chombo kimeharibika. Maria alirudia vipimo. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha maisha yake yote. Alitengeneza torbeniti yake mwenyewe katika maabara, kwa kuchanganya kemikali safi kwa vipimo vilevile vya jiwe la asili. Jiwe lake lilipopimwa halikutoa miale zaidi ya ile iliyotarajiwa kwa kiasi cha uraniamu kilichokuwamo. Kumbe jiwe lililotoka ardhini lilikuwa na kitu kingine kilichojificha ndani, kidogo sana lakini kikali sana. Hakubahatisha wala hakupiga ramli, aliliuliza jiwe lenyewe likamjibu.

Pierre akaacha utafiti wake akaja kumsaidia mkewe. Mwezi wa Julai 1898 walitangaza elementi mpya, na Maria akaiita poloniamu kwa heshima ya nchi yake ambayo haikuwepo hata kwenye ramani. Mwezi wa Desemba wakatangaza ya pili, radiamu. Lakini wanakemia walitaka kuiona na kuipima. Hapo kazi ya suluba ikaanza.

Walipewa banda bovu lililovuja mvua, ambalo zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti. Mizigo ya mabaki ya uraniniti ikaletwa kutoka machimbo ya Joachimsthal, yaliyokuwa chini ya Austria wakati huo na leo yako Ucheki. Tani moja ni kama magunia 11 ya mahindi, nao walipitisha tani kadhaa. Maria alichemsha kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa fimbo ya chuma inayokaribia urefu wake, kama akina mama wetu wanavyokoroga githeri ya harusi kwa mwiko mkubwa. Alichuja, akachemsha, akachuja tena. Mwaka 1902, baada ya karibu miaka minne, alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiamu. Ni punje tu! Lakini ilitosha kupimwa, na wenye shaka wakanyamaza.

Mwaka 1903 alipata shahada ya udaktari, na mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Pierre na Becquerel. Mwanzoni jina lake halikuwamo. Wapendekezaji walitaka tuzo iende kwa wanaume wawili tu. Mwanahesabu mmoja Mswidi alimdokezea Pierre, naye Pierre akasimama kidete mpaka jina la mkewe likatiwa. Jambo lingine ni kwamba njia yao ya kutoa radiamu hawakuisajili iwe mali yao. Waliitoa bure kwa ulimwengu, wakati radiamu ilikuwa ikianza kutumiwa kuchoma uvimbe wa saratani na bei yake ikipanda kuliko dhahabu.

Binti wa pili, Ève, alizaliwa mwaka 1904. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre alivuka barabara ya Paris kukiwa na mvua, akagongwa na gari la farasi na kufa papo hapo. Maria aliachwa mjane mwenye watoto wawili. Chuo kikampa kazi ya marehemu mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha kama profesa Sorbonne. Mwaka 1910 alipata radiamu yenyewe ikiwa metali safi. Mwaka 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilipiga kura, akakosa kiti kwa kura chache mno. Mwaka huohuo Sweden ikampa Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia. Hakuna mtu kabla yake aliyeipata mara mbili. Vita vya 1914 vilipozuka alitengeneza magari yenye mitambo ya eksirei, akajifunza kuyaendesha, akaenda na Irène karibu na mapigano ili madaktari waone risasi zilipokaa katika miili ya majeruhi.

Wakati huo, mbali na Paris, jambo lilitokea Katanga. Mwaka 1915 Shinkolobwe iligunduliwa kuwa na uraniamu, tena nyingi ajabu. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilianza kuchimba mwaka 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa radiamu. Mawe ya Katanga yalikuwa tajiri hata viwanda vya radiamu vya Marekani vikashindwa kushindana vikafungwa. Katika mawe hayo Alfred Schoep, msomi Mbelgiji, alikuta madini ambayo hayajawahi kuonekana. La rangi ya machungwa iliyoiva aliliita kuriti mwaka 1921, kumkumbuka Pierre Curie. Jingine akaliita bekereliti mwaka 1922, kumkumbuka Becquerel. Mwaka 1924 likaja la manjano lenye nyuzi nyembamba. Jina la Curie lilikwisha kuchukuliwa, basi jiwe hilo akalipa jina la ukoo wa Maria, lile alilozaliwa nalo. Hivyo jina la Skłodowska, ambalo Paris ililisahau nusu, likapata makao katika jiwe la Afrika.

Je, jiwe hilo ni la aina gani? Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kushindwa kuelewa, kwa sababu mawe nayo yana ngeli. Kipofu na kijiko huanza kwa sauti moja, lakini kipofu huingia A-WA na kijiko KI-VI. Sura ya neno hudanganya, upatanisho ndio husema kweli. Na mawe vivyo hivyo. Madini mengi ya uraniamu ni ya manjano, kwa hiyo rangi haitoshi. Wataalamu hutazama yaliyomo na jinsi atomu zilivyopangwa. Uraniniti ni ngeli ya oksidi. Torbeniti ni ngeli ya fosfati. Sklodowskiti ni ngeli ya silikati, maana ndani yake uraniamu imeshikana na silika na oksijeni, pamoja na magnesiamu na maji. Ina ndugu zake wa karibu. Mahali pa magnesiamu ukiweka kalsiamu unapata uranofani. Ukiweka shaba unapata kuprosklodowskiti, ya kijani kibichi, nayo pia ilijulikana kwanza kutoka Katanga.

Sklodowskiti haizaliwi pamoja na mwamba. Maji na hewa huingia katika uraniniti nyeusi, huiozesha polepole, na katika nyufa huota fuwele kama sindano, mara nyingi zikitawanyika kutoka kituo kimoja kama miiba ya nungunungu. Umbo la fuwele hizo ni la monokliniki, yaani kama kiberiti kilichosukumwa upande kikainama. Jiwe lenyewe ni laini, ugumu wake ni 2 hadi 3 katika kipimo cha 10, na uzito wake ni kama mara 3.6 ya maji. Ukiliona utalipenda. Lakini hutoa miale mikali, na si la kuweka mfukoni.

Maria aliweka mfukoni. Alibeba vichupa vya radiamu, akafurahia kuvitazama viking'aa gizani, na vidole vyake vikaungua na kukakamaa. Miaka ile hatari hiyo haikuwa imefahamika vizuri. Miale hiyo ilimla taratibu. Tarehe 4 Julai 1934 aliaga dunia huko Sancellemoz, Ufaransa, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Mwaka 1995 mifupa yake na ya Pierre ilihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Madaftari yake mpaka leo huwekwa katika masanduku ya risasi, maana radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Wachimbaji wa Shinkolobwe nao waligusa mawe hayo kwa mikono mitupu, lakini majina yao hayakuwekwa kwenye jiwe lolote. Na miaka 11 baada ya Maria kufa, tarehe 6 Agosti 1945, bomu liliangushwa Hiroshima, na sehemu kubwa ya uraniamu yake ilikuwa imetoka Shinkolobwe hiyohiyo. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, lakini watu maskini waliendelea kuingia kutafuta kobalti, na mwaka 2004 shimo liliporomoka likaua watu. Ajabu ni kwamba kobalti na mitambo ya umeme ndivyo vilivyorithi kazi ya radiamu hospitalini. Mgonjwa wa saratani anayetoka huku kwetu kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta kupigwa miale anatumia elimu iliyoanzia katika banda lile lililovuja.

Kwa hiyo jiwe halina lawama. Halijui kuponya wala kuua, ni sisi tunaolishika ndio tunaochagua. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Maria alichumia juani aushi yake yote, na waliolia kivulini ni sisi tuliokuja nyuma. Wachimbaji wa Katanga walichumia juani vilevile, wao hata kivuli hawakukiona.

Wanachama wenzangu, hasa wasichana mnaotaka kuacha fizikia mkiingia kidato cha tatu, tusiseme kwamba masomo hayo si yetu. Aliyefungua mlango huo alikuwa msichana aliyefungiwa mlango. Na kama kuna dada au kaka nyumbani aliyeacha shule ili wewe usome, mkumbuke. Zamu yake haijapita.